Neno la Sababu katika Hati ya Madai: Historia ya Usababishi katika Mashauri ya Mwenendo wa Kupotosha, kutoka Australia hadi Afrika Mashariki

Ikisiri

Mfanyabiashara aliyepotoshwa, kisha akapata hasara, hawezi kulipwa fidia kwa kuonyesha mambo hayo mawili peke yake. Sharti aeleze pia namna upotoshaji ulivyozaa hasara hiyo. Makala haya yanafuatilia historia ya sharti hilo tangu mashauri ya hisa ya Uingereza ya karne ya 19, kupitia sheria ya Australia ya mwaka 1974, hadi Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003. Makala yanaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa historia hiyo ni historia ya maneno: neno moja dogo la sababu katika sheria lilihitaji miaka mingi ya hukumu ili lieleweke. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili, ambacho sasa kimekuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, hakina budi kuchagua maneno yake ya sababu kwa makusudi, na kwamba waandishi wa hati za madai wafundishwe kusimulia mnyororo wa sababu badala ya kuuruka kwa kiunganishi kimoja.

1.0 Utangulizi

Katika shauri la biashara, hati ya madai ndiyo inayoweka mipaka ya ugomvi. Mdaiwa hujibu yaliyoandikwa humo, ushahidi huletwa juu ya yaliyoandikwa humo, na jaji huamua yaliyoandikwa humo. Hoja ambayo haikudaiwa kwa kawaida haipati nafasi ya kuthibitishwa, hata kama ni ya kweli. Kwa sababu hiyo lugha ya hati ya madai haipaswi kuchukuliwa kuwa pambo la utaratibu, kwani ndiyo njia pekee ambayo tukio la sokoni hupitia ili liwe suala la kisheria.

Katika madai ya mwenendo wa kupotosha, hati hiyo hujibu maswali matatu. Je, mdaiwa alisema au kutenda jambo la kupotosha? Je, mdai alipata hasara? Na je, jambo la kwanza ndilo lililoleta la pili? Swali la tatu ndilo linaloitwa katika makala haya usababishi. Mara nyingi waandishi wa hati hutumia kurasa nyingi kwa swali la kwanza, jedwali zima kwa swali la pili, kisha sentensi moja tu kwa swali la tatu: "kwa sababu hiyo mdai alipata hasara". Sentensi hiyo huonekana kuwa daraja, lakini aghalabu ni pengo lililofunikwa. Historia inayofuata inaonyesha ni kwa nini wadai wengi wametumbukia humo.

2.0 Mizizi ya Karne ya 19: Aliyepotoshwa Alielewa Nini?

Nusu ya pili ya karne ya 19 nchini Uingereza ilikuwa enzi ya makampuni mapya na nyaraka za matarajio zilizowaalika watu kununua hisa. Nyaraka hizo zilipokuwa na maelezo ya uongo, wanunuzi walikwenda mahakamani kwa dai la hila. Mashauri matatu ya enzi hiyo yaliweka misingi inayotumika hadi leo.

La kwanza ni Smith v Chadwick, lililoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1884. Waraka wa matarajio wa kampuni ya chuma ulitaja thamani ya uzalishaji kwa maneno yenye maana mbili: yaliweza kueleweka kuwa ni kiasi kilichokwisha kuzalishwa, au kuwa ni uwezo wa viwanda kuzalisha. Mdai alipoulizwa aliyaelewaje, alijibu kwa ufupi kwamba aliyaelewa kwa maana ambayo maneno yenyewe yaliibeba waziwazi. Jibu hilo lilimgharimu. Kwa kuwa hakuthibitisha kwamba alishika maana iliyokuwa ya uongo, hakuweza kusema kwamba uongo ndio uliomfanya anunue hisa. Waraka huohuo ulimtaja mbunge mmoja kuwa mkurugenzi, jambo ambalo halikuwa kweli. Lakini mdai alikiri kwamba jina hilo halikumvutia. Uongo ulikuwapo, nayo hasara ilikuwapo, ila uhusiano kati yake haukuwapo. Hata hivyo, Lodi Blackburn alieleza kwamba kauli ikiwa ni ya aina inayoweza kumvuta mtu aingie katika mkataba, na mtu huyo akaingia, mahakama yaweza kukisia kwamba alivutwa nayo. Kisio hilo ni la ukweli wa shauri, si kanuni ya sheria, nalo linaweza kupingwa.

La pili ni Edgington v Fitzmaurice la mwaka 1885. Wakurugenzi waliomba mkopo wa hatifungani wakisema fedha zingetumika kupanua majengo, kununua farasi na magari, na kuendeleza biashara ya samaki, hali shabaha halisi ilikuwa kulipa madeni yaliyowabana. Mdai alikuwa pia na kosa lake mwenyewe: aliamini, bila msingi wa kutosha, kwamba mkopo wake ungelindwa kwa dhamana ya mali ya kampuni, na alikiri kwamba bila imani hiyo asingalitoa fedha. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kosa lake halikumnyima haki. Ilitosha kwamba kauli ya uongo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kwa uzito. Haikuhitajika iwe sababu pekee.

La tatu, Derry v Peek la mwaka 1889, lilihusu kampuni ya tramu iliyodai kuwa na haki ya kutumia mvuke ilhali kibali cha Bodi ya Biashara kilikuwa bado hakijapatikana na baadaye kikanyimwa. Mnunuzi wa hisa alishindwa kwa kuwa wakurugenzi waliamini kwa dhati walichokisema. Uamuzi huo uliifunga njia ya dai la hila kwa kila aliyepotoshwa na mtu mkweli lakini mzembe. Bunge lilijibu mwaka uliofuata kwa sheria maalumu ya dhima ya wakurugenzi, lakini kwa biashara nyingine pengo lilibaki wazi kwa miongo mingi.

3.0 Sheria ya 1974 na Neno Moja Dogo

Australia ndiyo iliyoziba pengo hilo kwa upana zaidi. Sheria ya Mienendo ya Biashara ya mwaka 1974, katika kifungu cha 52, iliyakataza makampuni kufanya mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Mwaka 1977 maneno yaliongezwa ili kujumuisha mwenendo unaoelekea kupotosha. Kifungu hicho hakikudai nia mbaya wala uzembe. Mtu mkweli aliyepotosha wengine bila kukusudia aliingia katika mkono wa sheria sawa na mwongo.

Njia ya kupata fidia iliwekwa katika kifungu cha 82. Kilisema kwamba mtu anayepata hasara kwa tendo la mwingine lililovunja sheria anaweza kudai kiasi cha hasara hiyo. Katika Kiingereza, uhusiano wote wa sababu ulibebwa na neno moja la herufi mbili: "by". Neno hilo ni pana mno. Huonyesha mtenda, chombo, njia, mahali pa kando, hata muda. Sheria haikusema iwapo mwenendo uwe sababu pekee, sababu kuu, au sababu mojawapo. Haikusema iwapo mdai mwenyewe awe ameamini kauli. Wala haikusema lifanyike nini ikiwa mdai naye alizembea.

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Australia, mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, katika Wardley Australia Ltd v Western Australia la mwaka 1992. Serikali ya jimbo la Australia Magharibi ilikuwa imetoa ahadi ya kufidia benki kuhusu mikopo kwa Rothwells, taasisi ya fedha ya mjini Perth iliyoyumba katika msukosuko wa masoko wa Oktoba 1987. Baadaye Serikali ilidai kwamba ilipotoshwa kuhusu hali ya Rothwells, na ikaomba kuibadili hati yake ya madai ili iongeze dai hilo. Wadaiwa walijibu kwamba muda wa miaka 3 ulikuwa umekwisha. Ili kuamua muda ulianza lini, ilibidi kujua hasara ilipatikana lini, na ili kujua hilo ilibidi kuuchunguza uhusiano wa mwenendo na hasara. Majaji walio wengi waliona kwamba neno la kifungu hicho lilikuwa la ajabu kidogo kutumika mahali hapo, na kwamba msomaji angeweza kutarajia maneno yaliyo bayana zaidi. Walihitimisha kwamba neno lile linataja sababu bila kuifafanua, na kwamba linabeba dhana ya usababishi ya sheria ya kawaida, inayopimwa kwa busara ya kivitendo, isipokuwa pale sheria yenyewe inapoelekeza vingine. Kuhusu muda, waliamua kwamba ahadi inayotegemea tukio la baadaye haileti hasara siku inaposainiwa. Hasara huja tukio hilo linapotokea.

Fundisho kwa mwandishi wa hati ya madai lilikuwa zito. Ikiwa neno la sheria halijifafanui, basi kulirudia katika hati si kulithibitisha. Anayeandika kwamba "mdai alipata hasara kwa mwenendo huo" amerudia sheria tu. Bado hajasimulia shauri lake.

4.0 Kisa cha Albany: Sababu Mojawapo

Miaka tisa baadaye, shauri la Henville v Walker la mwaka 2001 lilipima uzito wa sababu zinazogongana. Msanifu majengo mmoja alitaka kujenga nyumba tatu za kifahari mjini Albany, Australia Magharibi. Dalali wa nyumba alimpa picha ya kupotosha kuhusu mahitaji ya soko na bei ambazo nyumba hizo zingeuzwa. Msanifu naye alifanya makosa yake: alikadiria gharama za ujenzi kwa kiasi kidogo mno. Mradi ulileta hasara kwa sababu ya yote mawili. Bei ya kweli ilikuwa chini kuliko ilivyoelezwa, na gharama ya kweli ilikuwa juu kuliko ilivyokadiriwa.

Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwenendo wa dalali ulikuwa sababu ya kisheria hata kama haukuwa peke yake. Kauli yake ndiyo iliyomwingiza msanifu katika mradi, na kuporomoka kwa hesabu kulikofuata hakukuweza kutenganishwa na uamuzi huo wa kuingia. Mwaka uliofuata, katika I & L Securities v HTW Valuers, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba kifungu cha 82 hakikuruhusu fidia ipunguzwe kwa sababu mkopeshaji aliyepotoshwa na mthamini hakufanya uchunguzi wa kutosha kuhusu mkopaji. Bunge ndilo lililobadili jambo hilo mwaka 2004, kwa kuruhusu mgawanyo wa lawama pale mdai anapozembea mwenyewe. Hukumu zilikuwa zimeonyesha ambayo neno la awali halikuyasema, na wabunge wakalazimika kuyasema kwa maneno mengi zaidi.

Hati za madai nazo zilibadilika. Pamoja na kauli iliyotolewa na hasara iliyopatikana, mdai alitakiwa kueleza angalifanya nini kama asingalipotoshwa. Je, asingalinunua kabisa? Angalinunua kwa bei ya chini? Angaliwekeza mahali pengine? Kila jibu huzaa hesabu tofauti ya hasara. Katika Sellars v Adelaide Petroleum la mwaka 1994, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba hata fursa ya biashara iliyopotea ni hasara yenye thamani, mradi mdai athibitishe kwanza kwamba mwenendo wa mdaiwa ndio ulioipoteza. Baada ya hapo thamani ya fursa hupimwa kwa kadiri ya uwezekano wa kufaulu kwake. Kwa hiyo simulizi la jambo ambalo halikutokea likawa sehemu ya lazima ya simulizi la jambo lililotokea.

5.0 Mdai Ambaye Hakuisikia Kauli

Suala gumu zaidi lilihusu mdai ambaye yeye mwenyewe hakuisikia wala kuiamini kauli ya kupotosha. Katika Janssen-Cilag v Pfizer la mwaka 1992, kampuni mbili zilizokuwa zikiuza dawa za minyoo zilishindana sokoni. Mdai hakupotoshwa na matangazo ya mshindani wake. Alidai kwamba wateja ndio waliopotoshwa, naye akapoteza mauzo. Mahakama ya Shirikisho ilikubali kwamba sheria haikumtaka mdai awe yeye aliyepotoshwa, ilimradi mnyororo wa sababu uonekane kutoka kwenye tangazo, kupita kwa mteja, hadi kwenye mauzo yaliyopotea.

Mwaka 2004, katika Digi-Tech v Brand, mahakama ya rufani ya New South Wales iliweka mpaka. Wawekezaji walioingia wenyewe katika mkataba hawakuruhusiwa kuruka swali la kama walitegemea kauli, kwa kusema tu kwamba watu wengine walipotoshwa. Lakini mpaka huo ulichunguzwa tena katika mashauri ya wanahisa. Mwaka 2016, katika shauri la kampuni ya bima ya HIH iliyoanguka mwaka 2001, jaji wa New South Wales alikubali kwamba wanahisa wangeweza kudai kupitia soko: taarifa za uongo zilipandisha bei ya hisa, na kila aliyenunua alilipa bei iliyovimba, hata kama hakusoma taarifa hizo. Mwaka 2019, katika TPT Patrol v Myer Holdings, Mahakama ya Shirikisho iliikubali njia hiyo, lakini wanahisa hawakuambulia fidia. Kauli ya mkuu wa kampuni ya Septemba 2014 kuhusu faida ilikuwa na matumaini kupita kiasi, lakini wachambuzi wa soko walikuwa tayari wanatarajia faida ndogo kuliko aliyoitaja. Soko halikuiamini, na kwa hiyo haikuthibitika kwamba bei ilivimba kwa ajili yake.

Mashauri hayo yanafundisha kwamba njia ya sababu yaweza kupitia kwa mtu mwingine au kwa soko zima, lakini kila kiungo lazima kitajwe na kithibitishwe. Mdai akiificha njia yake nyuma ya kiunganishi, mdaiwa hajui ajibu nini. Akiitaja vibaya, ushahidi wake wote unaweza kuwa mzuri na bado usiguse alichokidai.

Tarehe 1 Januari 2011 Sheria ya Watumiaji ya Australia ilianza kutumika. Katazo la zamani likawa kifungu cha 18, na haki ya fidia kifungu cha 236. Safari hii watunga sheria waliliacha neno "by" na kuandika "because of". Badiliko hilo halikuanzisha kanuni mpya ya usababishi, lakini liliondoa utata wa lugha uliokuwa umeonekana tangu Wardley.

6.0 Katazo Lafika Afrika Mashariki

Historia hiyo ya mbali inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, katika kifungu cha 15 kama ilivyotungwa, inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa, au unaoelekea kupotosha au kuhadaa, katika biashara. Kwa maneno yake ya Kiingereza, katazo hilo linafanana mno na kifungu cha 52 cha Australia baada ya marekebisho ya 1977. Tofauti moja ni ya wazi: Australia ililielekeza katazo lake kwa makampuni kutokana na mipaka ya mamlaka ya Bunge la Shirikisho, ilhali Tanzania ililielekeza kwa mtu yeyote. Usimamizi wake umewekwa chini ya Tume ya Ushindani, na rufaa huenda Baraza la Ushindani.

Ardhi ambamo katazo hilo lilipandwa haikuwa tupu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyorithi maneno ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, tayari inasema kwamba hila au maelezo ya uongo ambayo hayakusababisha ridhaa ya mhusika hayaufanyi mkataba kuwa batilifu kwa hiari yake. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, yenye asili hiyohiyo ya India, inataka hati ieleze mambo ya msingi kwa ufupi bila ushahidi, na itoe maelezo mahususi pale mdai anapotegemea maelezo ya uongo au hila. Hivyo sharti la kusimulia sababu lilikuwapo katika ukanda huu kabla ya 2003. Ambacho hakikuwapo ni lugha ya Kiswahili ya kulitimizia.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2021, pale Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama nchini Tanzania, huku Kiingereza kikiruhusiwa katika mazingira maalumu. Nchi jirani zina sababu ya kufuatilia. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa Katiba ya 2010, ni lugha rasmi ya pili nchini Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, na ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu 2017. Istilahi zitakazozoeleka Dodoma na Dar es Salaam zina nafasi kubwa ya kuvuka mipaka.

7.0 Maneno ya Sababu katika Kiswahili

Kiswahili kina maneno mengi ya sababu, na kila moja lina mwelekeo wake. Neno "kwa" linafanana sana na lile lililowasumbua majaji wa Wardley. Mtu hukata kwa kisu, hulia kwa uchungu, huenda kwa miguu na hukaa kwa mjomba. Tafsiri ya "hasara aliyoipata kwa mwenendo wa mwingine" ingeurithisha Kiswahili utata uleule ambao Australia iliuacha mwaka 2011.

Neno "kufuatia", lililoenea katika habari na taarifa za ofisi, ni la hatari zaidi, kwa kuwa linachanganya kutangulia kwa wakati na kusababisha. Wahenga waliposema baada ya dhiki faraja, hawakusema kwamba dhiki ndiyo inayoileta faraja. Hati inayosema kwamba mdai alipata hasara "kufuatia" kauli ya mdaiwa imetaja mpangilio wa wakati tu. "Kwa ajili ya" nalo hubeba lengo na manufaa pamoja na sababu. "Kwa sababu ya" ni bayana, ila katika mazungumzo ya kawaida huelekea kusomwa kama sababu pekee, maana ambayo Edgington na Henville ziliikataa. "Kusababishwa na" humweka msababishi kama mtenda mmoja baada ya kauli ya kutendwa. "Kutokana na" hueleza chimbuko, na hupokea vyanzo zaidi ya kimoja bila kugombana na maana yake. Kwa hiyo huenda likawa la kufaa zaidi katika kifungu cha fidia. Hata hivyo, neno pekee halitoshi. Ikiwa watunga sheria wanakusudia kwamba sababu mojawapo yatosha, ni salama kuandika hivyo waziwazi.

Uchaguzi wa kitenzi cha katazo nao una uzito. "Danganya" hubeba nia kwa msikilizaji wa kawaida. Kulitumia peke yake kungerudisha kwa mlango wa nyuma sharti la Derry v Peek ambalo sheria ya 2003 haikuliweka. "Potosha", kwa muundo wake wa kusababisha kutoka "potoka", hutazama athari kwa mpotoshwa zaidi ya moyo wa mpotoshaji. Ndilo linaloafikiana na katazo lisilodai nia.

Mahali ambapo Kiswahili kina nguvu ya pekee ni katika sentensi za jambo lisilotokea. Viambishi "-nge-" na "-ngali-" vinampa mwandishi wa hati chombo cha kusimulia kile ambacho Sellars na Henville zilihitaji. Mfano ufuatao, ambao ni wa kubuni, unahusu mnunuzi wa mashine ya kukoboa mpunga. Hati dhaifu ingesema: "Mdaiwa alieleza kwamba mashine inakoboa magunia 40 kwa siku. Maelezo hayo hayakuwa ya kweli. Kwa hiyo mdai amepata hasara." Hati iliyo kamili ingesema: "Mdai aliyaelewa maelezo hayo kuwa yanahusu uwezo wa mashine ikiwa kazini, si kipimo cha kiwandani. Akiyategemea, alisaini mkataba wa kununua na akakodi ghala. Mashine ilikoboa magunia 15 kwa siku. Kama mdai angalijua uwezo huo, asingalinunua mashine wala asingalikodi ghala. Hasara yake ni tofauti kati ya bei aliyolipa na thamani halisi ya mashine, pamoja na kodi ya ghala." Katika hati ya pili maana iliyoeleweka, imani, tendo, jambo ambalo lisingalitokea na kipimo cha hasara vyote vimetajwa, na mdaiwa anaweza kukipinga kila kiungo peke yake.

Katika matumizi ya kila siku tofauti ya "-nge-" na "-ngali-" imefifia, na wengi hutumia ya kwanza kwa wakati wowote. Katika hati ya madai tofauti hiyo ina faida ya kivitendo, kwani hutenganisha kile ambacho mdai angalifanya siku ya mkataba na kile ambacho angefanya leo kwa kujua matokeo. Mahakama huuliza swali la kwanza. Mdai aliyejuta huelekea kujibu la pili.

8.0 Hitimisho

Tangu 1884 hadi 2019, mashauri yaliyotajwa hapa yamerudia jambo moja: kupotoshwa na kupata hasara ni mambo mawili, na sheria humlipa yule anayeonyesha njia kati yake. Mnunuzi wa hisa wa Smith v Chadwick alishindwa kwa kutosema aliyaelewaje maneno. Wanahisa wa Myer walishindwa kwa kuwa soko halikuyaamini. Msanifu wa Albany alishinda pamoja na makosa yake, kwa kuwa kiungo kati ya kauli na uamuzi wake kilionekana.

Mapendekezo matatu yanatokana na historia hiyo. Kwanza, wafasiri wa sheria za biashara wachague usemi mmoja wa sababu, wautumie kwa uthabiti katika sheria zote zenye kusudi moja, na waepuke "kwa" na "kufuatia" katika vifungu vya fidia. Pili, vielelezo vya hati za madai vya Kiswahili viandaliwe kwa ushirikiano wa mahakama, vyuo na vyombo vya lugha, vikiwa na nafasi bayana ya kila kiungo cha usababishi. Tatu, hukumu za Kiswahili zinazozidi kutolewa zikusanywe kama matini za utafiti, ili ionekane majaji na mawakili wanatumia maneno gani ya sababu na kwa maana zipi, kabla mazoea hayajawa kanuni.

Australia ilitumia karibu miaka 37 kutoka neno "by" hadi neno lililo bayana zaidi, na gharama ya safari hiyo ililipwa na wadai mmojammoja mahakamani. Mkulima, mwenye duka na mwekezaji mdogo wa Afrika Mashariki hawana uwezo wa kulipia safari kama hiyo. Kazi ya kuwapunguzia gharama hiyo inaanza kwa wanaoandika sheria na hati kwa Kiswahili hivi sasa.